Hati, Mikono na Sauti: Uhakiki wa Tafiti za Uongozi wa Makanisa ya Kipentekoste katika Birere, Goma

1.0 Utangulizi

Makala hii inahakiki namna wataalamu wanavyoueleza uongozi, huduma na mpangilio wa makanisa ya Kipentekoste, kwa kuzingatia Birere, eneo la biashara na makazi mjini Goma, Kivu ya Kaskazini. Hoja yetu ni moja. Tafiti nyingi zinazohusu makanisa hayo zimeandikwa kwa Kifaransa au kwa Kiingereza, ilhali makanisa yenyewe huhubiri, huomba, hugombana na kupatana aghalabu kwa Kiswahili. Tofauti hiyo ya lugha imechukuliwa kuwa jambo la tafsiri tu, jambo la kumalizwa na mkalimani kabla uchambuzi haujaanza. Sisi tunaona kuwa ni sehemu ya uchambuzi wenyewe. Maneno ambayo waumini huyatumia kumtaja kiongozi wao ndiyo yanayobeba masharti ya uongozi wake. Mtafiti akiyaacha, anabaki na orodha ya vyeo isiyoweza kueleza kwa nini kanisa moja hudumu miaka mia na jingine huvunjika kabla paa lake halijaezekwa.

Suala hili si la wanaisimu peke yao. Muumini wa Birere aliyetoa fungu la kumi kwa miaka mingi, akabeba mawe na mbao za kujengea, huamka siku moja akaambiwa kuwa kanisa limegawanyika. Upande mmoja una funguo, upande wa pili una hati, na upande wa tatu una nabii. Yeye anauliza: ni lipi katika hayo nililolijenga? Utafiti wa uongozi usioweza kulijibu swali hilo haujamfaa mtu yeyote, pamoja na huyo mtafiti.

Tutaanza kwa kueleza mahali na historia kwa ufupi, kisha tutapima mikabala iliyotangulia. Baada ya hapo tutachambua vyanzo vitatu vya mamlaka kama vinavyojitokeza katika msamiati wa waumini, na mwishoni tutapendekeza mbinu.

2.0 Mahali na Historia

Birere iko karibu na mpaka wa Rwanda na karibu vilevile na uwanja wa ndege wa Goma. Ni mahali pa maduka madogo, maghala, wabeba mizigo, wabadilishaji fedha na wachuuzi wanaovuka mpaka kila siku kwenda Gisenyi na kurudi. Msongamano wake umeifanya ipate hasara mara mbili katika kumbukumbu ya watu walio hai. Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ililipuka, na uji wa moto ukapita katikati ya mji hadi Ziwa Kivu, ukafunika sehemu kubwa ya kitovu cha biashara pamoja na kanisa kuu la Kikatoliki, na kuwaacha zaidi ya watu 100,000 bila makazi. Tarehe 15 Aprili 2008 ndege ya shirika la Hewa Bora ilishindwa kuruka, ikapita mwisho wa njia yake na kuingia Birere. Watu wapatao 40 walikufa, wengi wao wakiwa ardhini. Tukiongeza wimbi la wakimbizi wa Rwanda la Julai 1994, vita vya 1996 na 1998, na kutekwa kwa mji na M23 mwaka 2012 na tena Januari 2025, tunaona kwamba taasisi yoyote iliyodumu mahali hapa imelazimika kujibu swali la uhalali wake zaidi ya mara moja.

Upentekoste wenyewe si mgeni Kongo. Katika Katanga, William Burton na James Salter walianza kazi yao Mwanza mwaka 1915. Katika Kivu, wamisionari wa Kiswidi walifika mwaka 1921, na Wanorwei wakafuata katika miaka hiyohiyo ya mwanzo ya 1920. Kazi ya Waswidi ndiyo iliyozaa jumuiya inayojulikana leo kama CEPAC, na ya Wanorwei ikazaa CELPA. Hapa kuna jambo ambalo watafiti wengi hulipita haraka. Upentekoste wa Kiswidi, chini ya uongozi wa Lewi Pethrus wa kanisa la Filadelfia mjini Stockholm, ulisisitiza uhuru wa kila kanisa la mahali na ulishuku muundo wowote wa kitaifa. Imani iliyokataa makao makuu iliingia katika nchi ambayo serikali yake haikuzungumza na kanisa lolote lisilokuwa na makao makuu.

Mwelekeo huo wa serikali ulikazwa baada ya uhuru. Mwaka 1970 madhehebu ya Kiprotestanti yaliunganishwa katika Kanisa la Kristo, na jumuiya zikapewa namba: CEPAC ikawa ya 8, CELPA ya 5. Sheria ya tarehe 31 Desemba 1971 ilitambua Kanisa Katoliki, Kanisa la Kristo na Kanisa la Wakimbangu, na kuyaacha makundi mengi ya Kikristo yaliyosalia nje ya mlango. Mlango huo ulifunguka polepole, na baada ya hotuba ya Mobutu ya tarehe 24 Aprili 1990 iliyotangaza mwisho wa chama kimoja, makanisa yaitwayo ya uamsho yaliongezeka sana katika miji yote. Leo yanatawaliwa na sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001 kuhusu mashirika yasiyo ya faida. Kwa hiyo katika Birere kuna, mtaa kwa mtaa, kanisa la jumuiya yenye karne moja, kanisa la uamsho lenye miaka michache, na chumba cha maombi kisicho na jina katika ofisi yoyote. Vyote vitatu hujiita, kwa haki, kanisa la Roho Mtakatifu.

3.0 Mikabala Iliyotangulia

3.1 Mkabala wa mtu mkubwa

Paul Gifford, katika kitabu chake cha 1998 kuhusu Ukristo wa Afrika na nafasi yake katika maisha ya umma, alizichunguza Ghana, Uganda, Zambia na Kamerun. Alionyesha kwamba makanisa mengi huiga siasa zinazoyazunguka: kiongozi mmoja hukusanya mali na wafuasi, naye huwagawia wafuasi hao ulinzi na heshima. Ni hoja yenye nguvu, na mkazi yeyote wa Goma ataitambua picha hiyo. Udhaifu wake ni kuwa inaeleza vizuri namna kiongozi anavyokua, lakini haielezi vizuri kwa nini wafuasi humwacha akiwa bado na fedha. Mkubwa wa biashara hupoteza watu anapofilisika. Mchungaji huweza kupoteza watu siku waumini wanaposema kuwa Mungu amenyamaza kwake. Mizani ya mali pekee haiwezi kupima hasara ya namna hiyo.

3.2 Mkabala wa pengo la dola

Kundi la pili la tafiti limeitazama Goma kama mji unaojiendesha katika udhaifu wa dola. Kazi za Karen Büscher na Koen Vlassenroot, zilizotoka hasa kati ya 2009 na 2013, zimeeleza kwa ustadi jinsi mpaka, biashara, vita na mashirika ya misaada vilivyoujenga mji huo. Dini haikuwa shabaha yao kuu, nasi hatuwalaumu kwa hilo. Lakini wengi waliofuata njia hiyo wamelitazama kanisa kama mtoaji wa yale ambayo dola haitoi. Ushahidi upo: tangu mkataba wa 1977 makanisa yamesimamia sehemu kubwa ya shule za nchi, na hospitali ya Panzi mjini Bukavu, inayojulikana ulimwenguni kwa kazi ya Dakta Denis Mukwege, ni ya CEPAC.

Tatizo linaanzia katika neno lenyewe: huduma. Kwa shirika la misaada, huduma ni maji, dawa na shule. Kwa Mpentekoste, huduma ni karama na wito aliopewa mtu: mtu ana huduma ya uponyaji, ana huduma ya maombezi, na akihama huhama nayo. Katika mji uliojaa mashirika ya misaada tangu 1994 maana hizi mbili hukaa katika sentensi moja bila kugongana masikioni mwa msemaji. Mtafiti anayeuliza kwa Kifaransa kuhusu huduma ambazo kanisa hulitolea eneo lake, na swali lake likatafsiriwa, atapata majibu ya aina mbili na kuyajumlisha katika jedwali moja. Jedwali litakuwa safi, na halitakuwa na maana.

3.3 Mkabala wa maana

Watafiti wa karne hii wamejaribu kuichukua imani kama imani. Ruth Marshall, katika utafiti wake kuhusu Nigeria (2009), alipinga tabia ya kuueleza Upentekoste kana kwamba ni kivuli tu cha uchumi au siasa. Katrien Pype (2012) alifuatana na waigizaji waliookoka wa Kinshasa na kuonyesha jinsi michezo ya televisheni inavyofundisha kumtambua adui wa kiroho. Gunilla Nyberg Oskarsson (2004) alieleza vuguvugu la Kipentekoste la kusini mwa Burundi, kati ya 1935 na 1960, kama jumuiya mbadala. Utafiti huo ni jirani wa karibu sana na Kivu, kwa kuwa mzizi wake ni uleule wa Kiswidi.

Hata hivyo, kazi hizi haziwezi kuhamishiwa Birere kama zilivyo. Kinshasa ya Pype huongea Kilingala, na msamiati wa uongozi wa Kilingala umekulia katika historia nyingine. Burundi ya Nyberg Oskarsson huishia kabla ya sheria za 1971 na 2001. Wanafunzi wa Goma wanaozitaja kazi hizi katika sura ya nadharia, kisha wakaenda Birere na hojaji, hufanya kosa la kuazima jibu kabla ya kusikia swali.

3.4 Funzo la Katanga

Kazi inayokaribia zaidi tunachokitaka haihusu Wapentekoste. Ni ile ya Johannes Fabian kuhusu Jamaa, vuguvugu la Kikatoliki lililotokana na mafundisho ya Padri Placide Tempels miongoni mwa wafanyakazi wa migodi ya Katanga. Kitabu chake kilitoka 1971, na miaka miwili baadaye aliandika makala kuhusu neno kazi peke yake: wanajamaa walimaanisha nini waliposema kazi. Fabian alielewa kuwa fundisho la Jamaa haliwezi kutenganishwa na Kiswahili kilicholibeba.

Tunalo lalamiko moja tu. Jamaa iliishi ndani ya Kanisa Katoliki. Suala la kusajiliwa kama shirika halikuwa kiini chake. Kwa hiyo dhana ya karisma, aliyoichukua kwa Max Weber na kuihoji, haikupambana na mhuri wa serikali kama inavyolazimika kupambana nao katika Birere.

4.0 Vyanzo Vitatu vya Mamlaka

Tukisikiliza jinsi waumini wanavyomthibitisha au kumkana kiongozi, tunasikia aina tatu za ushahidi: ana hati, amewekewa mikono, ameitwa. Msomaji atakumbuka mara moja aina tatu za mamlaka za Weber. Kufanana kupo, lakini tofauti ni kubwa zaidi. Weber alieleza aina za utawala zinazoweza kutenganishwa ili zilinganishwe. Katika Birere ni vithibitisho ambavyo mtu mmoja hudaiwa kuvionyesha vyote, na kila kimoja hutolewa na mahakama yake: hati hutolewa na serikali, mikono na wachungaji wenzake, na sauti na Mungu kwa ushuhuda wa waumini.

4.1 Hati

Cheo kinachozaliwa na hati ni mwakilishi wa kisheria. Hakimo katika orodha ya huduma tano za Waefeso 4:11, ambayo Wapentekoste huitaja wanapobishana juu ya vyeo. Ni cheo cha Kifaransa cha ofisi, kilichoanza kwa sababu dola ilihitaji mtu mmoja wa kutia saini. Lakini kwa kuwa saini hiyo hufungua akaunti ya benki, humiliki kiwanja na hupokea barua za wizara, aliyeibeba akawa, kwa kazi, mkuu wa kanisa. Cheo kilichoundwa ili kanisa liweze kuongea na serikali kimegeuka kuwa kiti cha kanisa lenyewe. Ndiyo maana ugomvi mwingi unaotangazwa kama ugomvi wa mafundisho, ukifuatwa hadi chini, huishia katika swali la nani ni mwakilishi wa kisheria.

Katika Birere hati ina uzito wa pekee. Baada ya 2002 mipaka ya viwanja vingi katika maeneo yaliyofunikwa haikuonekana tena. Jengo lilikuwa limetoweka, watu walikuwa wametawanyika Gisenyi na kwingineko, na kilichobaki kusema kuwa hapa palikuwa na kanisa kilikuwa karatasi na kumbukumbu. Mwaka 2025 uliongeza swali gumu zaidi: hati iliyotiwa saini Kinshasa ina nguvu gani katika mji ulio mikononi mwa wasioitii Kinshasa? Utafiti unaoichukua hati kama jambo la kiutawala tu hautaweza kulishika swali hili.

Kukosa kutambuliwa nako si jambo jepesi. Tarehe 30 Agosti 2023 askari waliwaua mjini Goma makumi ya wafuasi wa kundi la kidini lililojulikana kama Wazalendo, waliokuwa wakijiandaa kuandamana kupinga majeshi ya Umoja wa Mataifa. Kundi hilo halikuwa la Kipentekoste, na sababu za mauaji hayo si suala la usajili. Hata hivyo, wasomi tunapaswa kuyaangalia majina tunayoyagawa. Kuandika kanisa, kundi au madhehebu potofu katika ripoti ni kuligawia kundi hilo ulinzi au kulinyima, na maneno hayo husomwa na watu wenye silaha.

4.2 Mikono

Kuwekewa mikono ndiko kunakomfanya mtu kuwa mchungaji. Tuuangalie mnyambuliko wake. Katika Kiswahili cha mashariki ya Kongo kitenzi kuchunga kina wigo mpana kuliko ule wa mifugo. Huchungwa ng'ombe, huchungwa nyumba, na mtu huweza pia kuchunga fedha za mwenzake, yaani kuzitunza. Kwa hiyo mchungaji, katika sikio la Goma, ni mlinzi wa watu na pia mtunzaji wa vitu. Waumini wanapompa mchungaji hati ya kiwanja aichunge, hawaoni kuwa wamechanganya mambo mawili. Lugha yao imeyaweka pamoja tangu mwanzo. Mtaalamu wa utawala bora atasema kuwa hapa hakuna mgawanyo wa madaraka. Yuko sahihi, lakini hajaeleza kitu hadi aonyeshe kuwa uaminifu wa mchungaji hupimwa hasa kwa jambo hili: alichopewa kuchunga, amekirudisha?

Mikono hudai pia mnyororo. Aliyekuwekea mikono ni baba yako wa kiroho, naye alikuwa na baba yake. Katika jumuiya kongwe mnyororo huo hurudi nyuma hadi kwa wamisionari. Katika makanisa mapya huweza kurudi kwa mhubiri wa Kinshasa, Kampala au Lagos. Jina hili la baba huleta masharti ya ukoo: mtoto haondoki bila baraka, na akiondoka bila baraka huitwa mwasi. Tafiti nyingi huandika kuwa fulani alijitenga. Waumini husema alitoka bila baraka, au alitumwa. Vitendo hivi viwili katika takwimu ni kimoja: kanisa jipya limezaliwa. Katika maisha ya watu ni viwili kabisa, kwa sababu kanisa lililozaliwa kwa kutumwa hubaki tawi, na lililozaliwa kwa uasi hubaki adui.

4.3 Sauti

Cheo cha tatu, mtumishi wa Mungu, hakihitaji mikono wala hati. Hapa tena tofauti ya lahaja ni muhimu. Katika Kiswahili sanifu kutumika ni kutendwa: kifaa hutumika. Katika Kiswahili cha Kongo kutumika ni kufanya kazi: mtu hutumika sokoni, hutumika ofisini. Hivyo mtumishi wa Mungu, au mutumishi ya Mungu kama wasemavyo wenyewe, si mnyenyekevu anayengoja kutumwa tu. Ni mtu anayefanya kazi, na kazi huonekana kwa matokeo: mgonjwa amepona, mzigo umevuka mpaka salama, mtoto aliyepotea vitani amerudi. Uchambuzi wa Fabian wa neno kazi ungepata hapa mwendelezo wake wa asili. Mamlaka ya sauti huthibitishwa kila wiki upya, kwa ushuhuda, na hii ndiyo sababu ni mamlaka yenye nguvu kuliko zote na dhaifu kuliko zote.

Mahali pake hasa ni chumba cha maombi. Hapo wanawake ni wengi, na mwanamke mwenye maono huweza kuwaongoza wanaume ambao katika jengo la kanisa wasingekubali kuongozwa naye. Lakini utafiti wa vyeo haumwoni. Humwona mama mchungaji, aliyepata jina hilo kwa ndoa, si kwa hati, mikono wala sauti, na kumwandika kama mwakilishi wa wanawake katika uongozi. Kwa hiyo mwanamke anayeongoza hahesabiwi, na anayehesabiwa yamkini haongozi. Sehemu ya kosa ni ya makanisa yenyewe, lakini hojaji zetu zimelirudia kosa hilo kwa uaminifu mkubwa.

5.0 Mgawanyiko kama Kipimo

Nadharia ya uongozi hupimwa vizuri zaidi pale uongozi unapovunjika. Maelezo ya kawaida ya kugawanyika kwa makanisa ni mawili: tamaa ya fedha na ukabila. Hatukatai kuwa yote mawili yapo. Tunasema kwamba hayatoshi, maana tamaa na ukabila vipo pia katika makanisa ambayo hayagawanyiki.

Tuchukue mfano wa kufikirika, wenye hatua ambazo mkazi wa Birere atazitambua. Mwombezi mmoja anakusanya watu nyumbani. Wanaongezeka; chumba cha maombi kinakuwa kanisa kwa midomo ya watu. Sasa wanahitaji ubatizo na ndoa, kwa hiyo wanahitaji mtu aliyewekewa mikono, naye anakaribishwa kutoka kanisa kongwe. Kisha wanataka kununua kiwanja, kwa hiyo wanahitaji hati, na hati inamtaka mwakilishi wa kisheria anayejua Kifaransa cha ofisi. Huyu anakuwa mtu wa tatu, labda mwalimu au mfanyabiashara. Hakuna aliyefanya ubaya. Lakini sauti, mikono na hati sasa vimekaa kwa watu watatu, na kila mmoja anaweza kusema kwa ukweli: kanisa hili ni langu kulichunga. Siku ya tofauti ya kwanza kanisa litapasuka katika mishono yake, na neno kanisa, lenye maana ya jengo, watu na shirika kwa pamoja, litawawezesha wote watatu kuapa kuwa wamebaki nalo.

Mfano huu unatupa dhana inayoweza kuchunguzwa: hatari ya mgawanyiko huongezeka pale vithibitisho vitatu vinapokaa kwa watu tofauti bila neno la pamoja la kuwaunganisha, na hupungua ama vinapokutana kwa mtu mmoja, ama vinapogawanywa kwa taratibu ambayo waumini wanaijua na kuitaja kwa lugha yao. Njia ya kwanza ni ya makanisa mengi ya uamsho. Ni imara maadamu mwanzilishi yu hai, nayo huanguka siku ya mazishi yake. Njia ya pili ni ya jumuiya kongwe, zenye wazee, mikutano na kura. Ni ya polepole na huchosha, na watu hutoka humo wakitafuta moto. Wapo watakaosema kuwa dhana hii inawaonea huruma viongozi wezi. Sivyo. Inatusaidia kumtofautisha mwizi na mtu aliyeshikilia hati kwa sababu waumini walimwambia aichunge.

6.0 Mapendekezo ya Mbinu

Kwanza, mahojiano yahifadhiwe kwa Kiswahili kilichosemwa, na kuchapishwa hivyo pamoja na tafsiri. Didier Goyvaerts aliandika kuhusu Kiindubili cha Bukavu mwaka 1988, na Nico Nassenstein na Paulin Baraka Bose walitoa matini na maelezo ya sarufi ya Kiswahili cha Kivu mwaka 2016. Kwa hiyo hakuna tena udhuru wa kukiita Kiswahili hicho kibovu na kukisahihisha kabla ya kukichambua. Anayeandika wa mahali pa ba anaweza kudhani kuwa amesafisha tahajia tu. Anayebadilisha kutumika kuwa kutumikia amebadilisha teolojia.

Pili, hojaji isianze na neno kiongozi. Mtafiti akiuliza nani kiongozi wa kanisa hili, Mpentekoste mwaminifu anaweza kumjibu kuwa ni Yesu, naye ataandika kuwa swali halikueleweka. Swali lilieleweka. Aulize badala yake: nani anachunga hati? Nani aliwekea nani mikono? Mungu husema kupitia kwa nani hapa? Majina yatakayotoka, yakiwa matatu au yakiwa moja, ndiyo data.

Tatu, tusiishie katika mahubiri. Mihtasari ya mikutano, barua za kujitenga, barua za kuomba radhi na matangazo ya harambee ya ujenzi ni fasihi ya uongozi iliyoandikwa, nyingi yake ikiwa Kiswahili kilichochanganywa na Kifaransa. Mahali pa kubadilisha lugha katika barua moja huonyesha ni wapi mwandishi anaongea na ndugu zake na ni wapi anaongea na serikali. Karatasi hizi huungua, hufunikwa na huachwa njiani watu wanapokimbia. Vyuo vikuu vya Goma viko karibu nazo kuliko mtu mwingine yeyote.

Nne, tuwe na kiasi. Uchambuzi wa msamiati hautoi fedha zilipokwenda. Mtafiti wa lugha anayeridhika na maana ya kuchunga bila kuitazama daftari ya hesabu atakuwa amefanya kosa la wenzake kwa upande wa pili.

7.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba tafiti za uongozi wa Kipentekoste zimeona mtu mkubwa, zimeona pengo la dola na zimeona maana, lakini mara chache zimesikia. Katika Birere mamlaka husemwa kwa maneno matatu yenye historia tatu: hati ya serikali, mikono ya wazee na sauti ya Mungu. Hakuna lililo la kale zaidi kwa muumini wa leo, wala hakuna linalotosha peke yake. Mpangilio wa kanisa ni jinsi yanavyofungwa pamoja, na ugomvi wa kanisa ni jinsi yanavyofunguka.

Yule muumini aliyebeba mawe na mbao hataulizwa maoni yake wizarani. Lakini akiulizwa vizuri, kwa lugha yake, anaweza kueleza kwa usahihi ni nani alipewa nini, mbele ya nani, na kwa sharti gani. Hayo ni maarifa ya mpangilio wa taasisi, yaliyokamilika, na yamekaa katika Kiswahili. Kazi ya idara zetu ni kuyaandika kabla mlima au vita havijaondoa tena mashahidi wake.